Themistocles: Aliyeiokoa Athens, kisha Athens ikamtimua

MWAKA wa 1937, watafiti wa mambo ya kale waliokuwa wakichimba kwenye mteremko wa kaskazini wa kilima cha Acropolis, jijini Athens nchini Ugiriki, walifikia kisima kilichokuwa kimefukiwa kwa karne nyingi.

Humo ndani walipata takriban vigae 190, yaani vipande vya vyombo vya udongo. Vigae hivyo vilikuwa vimechorwa jina la mtu mmoja: Themistocles, mwana wa Neocles.

Vilikuwa kura. Wataalamu walipochunguza miandiko waligundua kwamba ilitoka kwa watu 14 pekee. Kwa maneno mengine, kikundi kidogo kiliketi mahali, kikaandika jina hilo tena na tena, ili vigae viwe tayari kugawiwa wapiga kura siku ya kumfukuza mtu huyo mjini.

Nilisoma habari hiyo nikiwa mtu mzima, na mara moja ikanirudisha katika darasa la historia nilipokuwa shule ya upili.

Mwalimu wetu alifunga somo la Wagiriki wa kale kwa kutuambia kwamba Themistocles alikuwa msaliti. Aliwashinda Waajemi vitani, kisha akaenda kula kwenye meza ya mfalme wao. Nilinakili hivyo daftarini, na nikajibu hivyo kwenye mtihani.

Leo naomba kuifungua upya kesi hiyo. Sina nia ya kumtakasa mtu huyu, kwa maana makosa yake yalikuwa mengi. Lakini maisha yake yanaonyesha, kuliko kitabu chochote cha tarehe, jinsi miji ya Ugiriki ilivyoinuka na jinsi wivu ulivyoitafuna.

Lugha moja, miji mingi

Themistocles alizaliwa mnamo mwaka wa 524 Kabla ya Kristo (KK). Wakati huo hakukuwa na nchi moja iliyoitwa Ugiriki.

Kulikuwa na mamia ya miji, na kila mji ulikuwa dola kamili yenye sheria zake, fedha zake, jeshi lake na kalenda yake. Wakazi wake walizungumza lugha moja kwa lafudhi tofauti, waliabudu miungu ileile, na walikutana kila baada ya miaka minne kushindana katika michezo ya Olympia. Baada ya michezo walirudi makwao na kuendelea kupigana.

Mji uliotisha kuliko yote ulikuwa Sparta. Ulikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, na wakaguzi watano waliochaguliwa kila mwaka kuwachunga wafalme hao.

Mvulana wa Sparta aliondolewa kwa mamake akiwa na umri wa miaka saba, akaingizwa kwenye mafunzo ya kijeshi. Mashamba yalilimwa na watu waliotekwa na kufanywa watumwa wa dola, ambao idadi yao ilizidi ya mabwana zao kwa mbali. Ndiyo maana Sparta haikupenda kupeleka wanajeshi mbali na nyumbani. Iliogopa kuacha mlango wazi.

Athens ulikuwa mji wa aina nyingine. Mnamo 508 KK, Themistocles akiwa kijana, kiongozi aliyeitwa Cleisthenes aliupanga mji upya. Aliwagawa raia katika makabila 10 mapya yaliyochanganya watu wa pwani, wa bara na wa mjini, akaunda baraza la watu 500 waliochaguliwa kwa kura ya bahati.

Mabadiliko hayo yaliwafungulia njia watu ambao hapo awali wangebaki kuwa wasikilizaji tu. Themistocles alikuwa mmoja wao.

Babake hakuwa miongoni mwa vigogo wa mji, na inasemekana mamake alikuwa mgeni kutoka nje ya Athens. Waandishi wa kale wanaeleza kwamba vijana wa hali kama yake walifanyia mazoezi ya viungo katika uwanja uliokuwa nje ya malango. Themistocles aliwashawishi wana wa matajiri kwenda kufanya mazoezi huko pamoja naye, na hivyo akaufuta mpaka huo bila kugombana na mtu.

Fedha ya mgodini

Mwaka wa 493 KK alishika wadhifa wa arkoni, afisa mkuu wa mji aliyehudumu kwa mwaka mmoja. Jambo alilolianzisha ni kujenga bandari.

Hadi wakati huo, Waathens walivuta merikebu zao juu ya mchanga katika ufuo ulio wazi wa Phaleron. Themistocles alitazama upande wa pili, akaona rasi ya Piraeus yenye ghuba tatu zilizokingwa na upepo. Akaanza kuizungushia ukuta. Piraeus ndiyo bandari kuu ya Ugiriki hadi leo.

Miaka mitatu baadaye, mnamo 490 KK, Mfalme Dario wa Uajemi alituma jeshi kuiadhibu Athens. Lilishuka Marathon. Waathens waliomba msaada Sparta, nao Wasparta wakajibu kwamba watakuja baada ya mwezi kuwa mpevu, kwa kuwa walikuwa katika sikukuu ya kidini. Walipofika, vita vilikuwa vimekwisha. Athens ilikuwa imeshinda na kuzika watu wake 192.

Watu walisherehekea wakidhani mambo yameisha. Themistocles alisema huo ulikuwa mwanzo. Mfalme aliyetawala kuanzia Misri hadi mipaka ya India hangekubali kushindwa na mji mmoja.

Lakini angewezaje kuwashawishi wakulima wajenge merikebu za kivita kwa ajili ya adui ambaye hawamwoni? Jibu lilitoka ardhini.

Mnamo 483 KK, wachimbaji katika migodi ya Laurion, kusini mwa Athens, walifikia mshipa mnono wa fedha. Hazina ya mji ikajaa. Pendekezo lililopendwa na wengi lilikuwa fedha hiyo igawiwe raia, kila mtu drakma 10 mkononi.

Msomaji anaweza kukisia jinsi ilivyo vigumu kwa mwanasiasa kusimama mbele ya watu na kuwaambia wasipokee pesa. Themistocles alisimama.

Hakuwatishia kwa jina la Uajemi. Aliwakumbusha kisiwa cha Aegina, jirani na mshindani wao wa kibiashara, ambacho merikebu zake zilikuwa zikiwasumbua kila uchao. Wivu wa jirani ulifanya kazi ambayo hofu ya mfalme wa mbali isingeifanya. Watu walikubali fedha hiyo ijenge merikebu, na baada ya miaka michache Athens ilikuwa na takriban 200.

Kila merikebu ilikuwa na safu tatu za makasia na ilihitaji wapiga makasia 170. Kazi hiyo haikuhitaji mtu mwenye farasi wala mwenye uwezo wa kununua ngao. Ilihitaji mikono. Mafukara wa Athens, waliokuwa hawana nafasi vitani, ghafla wakawa nguzo ya ulinzi. Mtu anayebeba mji mgongoni hunyimwa kura kwa shida, na wakubwa wa mji walilijua hilo vizuri.

Mpinzani mkuu wa Themistocles alikuwa Aristides, mtu aliyesifika kwa uadilifu hadi akabandikwa jina la Mwenye Haki.

Athens ilikuwa na utaratibu wa kura ya vigae. Mara moja kwa mwaka, raia waliulizwa kama wangependa kumwondoa mtu mjini. Wakikubali, siku nyingine kila mmoja aliandika jina alilotaka juu ya kigae. Zilipofika kura 6,000, mwenye jina lililoandikwa zaidi aliondoka kwa miaka 10. Hakushtakiwa kwa kosa lolote, na mali yake haikuguswa.

Mnamo 482 KK, kura hiyo ilimwangukia Aristides. Wengi wanaamini Themistocles alihusika. Njia ilikuwa nyeupe, na silaha aliyoitumia ilirudi kabatini ikimngoja mwenyewe.

Usiku wa Salamis

Mnamo 480 KK, Xerxes, mwana wa Dario, alivuka kuingia Ulaya na jeshi kubwa ambalo Wagiriki hawakuwa wamewahi kuliona. Ndiye wataalamu wengi wanayemtambua kuwa Mfalme Ahasuero wa kitabu cha Esta.

Miji mingi ilisalimu amri. Ile iliyokataa, 30 na ushei, iliunda muungano uliokutana Korintho. Mara ugomvi ukazuka kuhusu nani aongoze.

Athens ilikuwa na merikebu nyingi kuliko mji mwingine wowote, lakini miji mingine ilikataa kabisa kuamriwa na Mwathens. Themistocles aliwashawishi watu wake wawaachie Wasparta uongozi hata wa majini, chini ya kamanda aliyeitwa Eurybiades. Mimi huona kwamba huo ndio ulikuwa ushindi wake mkubwa kuliko yote, kwa kuwa aliushinda kwanza ubishi wa nyumbani.

Lakini mtu huyuhuyu alikuwa na mkono mwepesi. Herodotus, aliyeandika historia ya vita hivyo, anasimulia kwamba watu wa kisiwa cha Euboea walimpa Themistocles talanta 30 za fedha ili merikebu zisiondoke pwani yao. Alimpa Eurybiades talanta tano, kamanda wa Korintho tatu, na zilizobaki akatia kibindoni. Wenzake hawakujua kulikuwa na baki.

Mfalme Leonidas wa Sparta alipouawa Thermopylae pamoja na mashujaa wake 300, njia ya kwenda Athens ikawa wazi. Waathens walikuwa wamepata maaguzi kutoka hekalu la Delphi kwamba ukuta wa mbao pekee ndio utakaosalimika. Wazee walidhani ni ua wa mbao juu ya Acropolis. Themistocles alisema mbao hizo ni merikebu.

Mji mzima ulihama. Wanawake na watoto walivushwa hadi Troezen, Aegina na Salamis. Wachache waliokataa walijifungia Acropolis, wakauawa, na mahekalu yakateketezwa. Kutoka kisiwani Salamis, Waathens walitazama moshi wa mji wao.

Sasa makamanda wa kusini walitaka kuondoka. Walitaka kwenda kuilinda shingo ya nchi ya Korintho, iliyo karibu na makwao. Themistocles alijua kwamba merikebu zikiondoka hapo kila mji utarudi kwake na muungano utakufa. Alibishana, akabembeleza, mwishowe akatishia kwamba Waathens watapakia jamaa zao na kuhamia Italia, wawaache wenzao bila merikebu.

Alipoona hata tishio hilo linalegea, alifanya jambo la hatari. Usiku alimtuma mtumwa wake, Sicinnus, aliyekuwa mlezi wa watoto wake, aende kwa Waajemi. Ujumbe ulikuwa kwamba Themistocles yuko upande wa mfalme kwa siri, kwamba Wagiriki wanakaribia kutoroka, na kwamba mfalme akiziba njia atawanasa wote.

Xerxes aliziba njia.

Mtu wa kwanza kuleta habari kwamba wamezingirwa alikuwa Aristides, aliyekuwa ameitwa nyumbani pamoja na wengine waliofukuzwa kwa sababu ya vita. Alifika gizani akitokea Aegina na kumtafuta mtu aliyemshinda kwa vigae. Themistocles alimweleza ukweli wote, na Aristides akaingia kwenye kikao kuwathibitishia makamanda waliokuwa bado wanabishana. Usiku huo mahasimu hao wawili walikuwa kitu kimoja.

Asubuhi, Xerxes aliketi juu ya kilima kutazama. Mlangobahari wa Salamis ni mwembamba. Wingi wa merikebu zake uligeuka kuwa mzigo, zikagongana, zikazuiana, na Wagiriki wakazitoboa kwa pembe za shaba. Kwa hesabu ya Herodotus, Wagiriki walikuwa na merikebu 378, na 180 kati ya hizo zilikuwa za Athens.

Xerxes alirudi Asia. Mwaka uliofuata, 479 KK, jeshi alilomwacha Mardonius lilisagwa huko Plataea, Wasparta wakiwa mbele.

Baada ya Salamis, makamanda walipiga kura kuamua nani alistahili tuzo ya ushujaa. Kila mmoja alijiweka yeye mwenyewe nafasi ya kwanza. Nafasi ya pili, wengi wao walimwandika Themistocles. Tuzo haikutolewa kwa yeyote. Kisa hiki kidogo kinatosha kumweleza mtu yeyote jinsi miji hiyo ilivyokuwa.

Wasparta walimpa taji la mzeituni na gari la farasi, wakamsindikiza na vijana 300 hadi mpakani.

Ukuta wa makaburi

Waathens waliporudi walikuta magofu. Kazi ya kwanza waliyotaka kufanya ni kujenga upya ukuta wa mji.

Mara wajumbe wa Sparta wakafika. Waliwashauri kwa upole wasijenge, eti Waajemi wakirudi wasipate ngome ya kujifichia. Sababu ya kweli haikusemwa. Sparta na marafiki zake walikuwa wameona zile merikebu, na mji wenye merikebu pamoja na ukuta haugusiki.

Themistocles aliwaambia wenzake wamtume yeye Sparta kuzungumza, lakini wajumbe wenzake wabaki hadi ukuta ufike kimo cha kupigania. Alipofika Sparta alikaa tu. Alipoulizwa, alisema anawangoja wenzake na anashangaa kwa nini wamechelewa.

Huko nyumbani, wanaume, wanawake na watoto walijenga usiku na mchana. Walibeba chochote kilichokuwa karibu, hata mawe ya makaburi ya babu zao. Karne nyingi baadaye, wachimbaji katika eneo la Kerameikos walikuta sanamu na mawe ya makaburi yakiwa yamepachikwa ndani ya ukuta huo.

Uvumi ulipofika Sparta, Themistocles aliwataka wasiamini maneno ya barabarani bali watume watu wao wakaone. Walipotumwa, Athens iliwazuilia kimyakimya. Hapo ndipo alipowaambia Wasparta waziwazi kwamba Athens sasa ina ukuta na itajiamulia mambo yake yenyewe.

Wasparta hawakuonyesha hasira, lakini hawakusahau. Mmoja wa wajumbe waliomfuata Themistocles katika hila hiyo, msomaji, alikuwa Aristides Mwenye Haki.

Mnamo 478 KK, miji ya visiwani na ya pwani ya Asia iliungana chini ya Athens, na Aristides ndiye aliyekadiria mchango wa kila mji. Mchango ulifika talanta 460 kwa mwaka. Muungano huo ulianzishwa kuwapiga Waajemi. Muda si muda ukageuka kuwa himaya, na mji uliotaka kujiondoa ulizingirwa na merikebu zilezile.

Zamu yake

Vita vilipoisha, Athens ilichoka kumsikia Themistocles. Alipenda kuwakumbusha watu alichowafanyia. Karibu na nyumba yake alimjengea mungu wa kike Artemi hekalu dogo, akampa sifa ya mshauri mwema. Kila mtu alielewa ushauri uliosifiwa pale ulikuwa wa nani.

Nyota mpya ilikuwa Cimon, mwana wa Miltiades aliyeongoza Marathon. Cimon alikuwa tajiri, mkarimu na rafiki mkubwa wa Sparta. Yeye aliamini miji hiyo miwili inaweza kuvuta jembe moja. Themistocles aliamini vita vinavyofuata ni kati ya Athens na Sparta.

Mnamo 472 KK, Aeschylus, mwandishi wa tamthilia aliyepigana na Waajemi yeye mwenyewe, alionyesha jukwaani mchezo kuhusu kushindwa kwa Xerxes. Katika mchezo mzima, hakuna Mgiriki hata mmoja aliyetajwa kwa jina.

Mwaka mmoja hivi baadaye, vigae vilihesabiwa na jina lililoongoza likawa lake. Watafiti wamekadiria kwamba alifukuzwa mnamo 471 KK.

Hatujui kama vile vigae 190 vya kisimani viliwahi kutumika siku hiyo. Tunachojua ni kwamba walikuwapo watu walioandaa kura mapema ili asiyejua kuandika, au asiyejali, apewe jina tayari. Naye hakuwa na haki kamili ya kulalamika, kwa kuwa alikuwa ameufurahia mchezo huo ulipomwangukia mwenzake.

Alihamia Argos, adui wa jadi wa Sparta, akawa anatembelea miji ya jirani. Sparta iliona nafasi yake.

Pausanias, shujaa wao wa Plataea, alikuwa ametuhumiwa kula njama na Waajemi, akafa kwa njaa baada ya kukimbilia hekaluni. Wasparta walisema wamepata ushahidi kwamba Themistocles alihusika. Athens haikusubiri. Watu walitumwa kumkamata popote walipomkuta.

Alikimbia hadi Corcyra, kisha kwa Mfalme Admetus wa Wamolossia, mtu ambaye zamani alikuwa amemkosea. Mfalme hakuwapo. Malkia alimfundisha la kufanya: alimkabidhi mtoto wao mdogo, akamwambia aketi naye mekoni. Kwa mila zao, hakukuwa na ombi zito kuliko hilo. Admetus aliporudi alikataa kumtoa.

Kutoka hapo alivuka milima hadi Pydna na kupanda merikebu ya biashara kwa jina la kujificha. Dhoruba ikaisukuma karibu kabisa na merikebu za Waathens. Ndipo alipomwambia nahodha yeye ni nani, na kumwonya kwamba wakikamatwa atasema nahodha amehongwa. Nahodha aliitia nanga baharini usiku kucha bila mtu kushuka. Wakafika Efeso salama.

Mkate, divai na kitoweo

Xerxes alikuwa ameuawa mnamo 465 KK na mwanawe Artaxerxes kuchukua kiti. Wengi humchukulia kuwa yule Artashasta anayetajwa katika kitabu cha Nehemia. Themistocles alimwandikia, akaomba mwaka mmoja ajifunze Kiajemi ili aseme naye bila mkalimani.

Alipofika mbele ya mfalme alipokewa kwa heshima kuliko Mgiriki yeyote aliyemtangulia. Alipewa miji mitatu: Magnesia kwa ajili ya mkate wake, Lampsacus kwa divai, na Myous kwa kitoweo. Magnesia peke yake ilimpa talanta 50 kwa mwaka. Sarafu za fedha alizozitengeneza huko zikiwa na jina lake zimehifadhiwa hadi leo.

Hapa ndipo mwalimu wangu alipoandika neno msaliti ubaoni. Na kweli, mtu aliyeuteketeza usingizi wa Waajemi alikula mkate wao hadi kufa. Hilo halifutiki.

Lakini nauliza: mji wake ulikuwa umemwachia mlango gani? Athens ilimfukuza, Sparta ikamwinda, na miji mingine iliogopa kumpa hata kitanda. Miongoni mwa Wagiriki, aliyemkinga alikuwa mfalme aliyewahi kumkosea. Nje ya Ugiriki, alikuwa mwana wa adui aliyemshinda.

Alifariki Magnesia mnamo 459 KK, akiwa na umri wa takriban miaka 65. Ilivuma kwamba alikunywa sumu alipotakiwa kuwaongoza Waajemi dhidi ya Wagiriki. Mwanahistoria Thucydides anasema aliugua tu. Anaongeza kwamba kulingana na jamaa zake, mifupa yake ilirudishwa kwa siri na kuzikwa katika ardhi ya Athens, ingawa sheria ilikataza.

Utabiri wake ulitimia. Mnamo 431 KK, Athens na Sparta ziliingia katika vita vilivyodumu, pamoja na vipindi vya amani ya wasiwasi, miaka 27. Sparta ilishinda mnamo 404 KK, na ilishinda kwa kutumia fedha za Waajemi kujenga merikebu. Kuta za Piraeus zilibomolewa huku wanawake wakipiga filimbi.

Aliyeshiba fedha za Waajemi safari hii haikuwa mtu mmoja bali mji mzima, na hakuna aliyeupigia kura ya vigae.

Sparta nayo haikudumu. Mnamo 371 KK ilivunjwa mgongo na Thebes huko Leuctra. Thebes na Athens ziliposhtuka na kushikana mikono, Mfalme Philip wa Makedonia alizishinda zote mbili huko Chaeronea mnamo 338 KK. Tangu siku hiyo, hakuna mji wa Kigiriki uliotawala wenzake tena.

Ningekutana na mwalimu wangu leo, singemwambia kwamba alikosea. Ningemwomba tu aongeze mstari mmoja chini ya ule aliouandika ubaoni: kwamba kabla Themistocles hajaenda kwa Waajemi, kuna watu 14 walioketi mahali, wakiwa na rundo la vigae, wakiandika jina la mtu aliyewaokoa.